Muulize Anti Mabegi: Mwenyeji wangu ananipeleka hekaluni

Toleo lililopita nilisema kwa kupita tu kwamba safari niliyoipenda kuliko zote ni ile ya Thailand, basi mmenijazia barua mpaka mhariri kaniita. Nyingi ni jambo lile lile kwa sura tofauti, mtu ana rafiki kule, rafiki kasema twende nikuoneshe hekalu letu, na mtu hajui akifika aiweke wapi mikono yake. Nimechukua nne.

Anti shikamoo. Mi ni kijana nimeokoka, na mwezi wa kumi na moja naenda Thailand wiki mbili. Kuna dada tulisoma naye kozi ya mtandaoni mwaka mzima, anakaa Chiang Mai, yeye na mama yake watanipokea, na kesho yake asubuhi wananipeleka hekalu la Doi Suthep afu na lile la mtaani kwao. Nimefurahi lakini usingizi umeanza kukata. Wakisujudu nami nisujudu? Wakinipa udi niwashe? Nikikataa si nitamwaibisha mama wa watu, na nikikubali nitamwambia nini mchungaji? – Mlokole Mwenye Tiketi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa tiketi.

Hilo ulilonalo linaisha kwa meseji moja, ila uitume kabla hujapanda ndege. Mwandikie huyo dada leo leo, nitafurahi sana kwenda na nyinyi, imani yangu hainiruhusu kusujudu wala kuwasha udi, niambie tu nikae wapi wakati nyinyi mnasali ili nisiwe kero. Basi, imetosha, usianze kumweleza wokovu. Kinachoharibu siku ni kusubiri mpaka mama kashanunua maua na mshumaa na udi pale mlangoni, kakushikisha mkononi, watu wamejaa nyuma yenu, ndo na wewe unaanza kutafuta maneno.

Na nakuambia hivo kwa sababu Wathai wana kitu wanakiita kreng jai, ni ile haya ya kumsumbua mwenzio, mtu anaona bora aumie yeye kuliko kukutia wewe kwenye usumbufu. Kwaiyo huyo mama hatakulazimisha chochote, ila pia hatakuambia ukikosea, atatabasamu tu. Na wewe kwa adabu zako utatabasamu. Mtabaki mnatabasamiana juani na kila mmoja ana jambo moyoni. Mwambie binti waziwazi kwamba nikikosea nivute shati, mpe ruhusa hiyo kabisa, mana bila ruhusa hatovuta.

Sasa ndani kwenyewe kukoje. Viatu vinabaki nje. Mlangoni kuna kizingiti, mara nyingi kimeinuka, ukivuke, usikikanyage. Ukishaingia utaona watu wanapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso linagusa sakafu, mara tatu, moja kwa Buddha, moja kwa mafundisho yake na moja kwa jumuiya ya watawa. Hapo ndo vijana kama wewe mnaogopa mnabaki mmesimama wima katikati ya ukumbi kama nguzo ya umeme, mkidhani kusimama ndo kutojihusisha, kumbe kule kusimama ndo utovu wenyewe, mana kichwa chako kinakuwa juu ya wazee walioketi na juu ya watawa. Kaa chini. Kaa nyuma au pembeni ukutani, kunja miguu uilaze upande mmoja nyayo zikiangalia nyuma, na popote utakapokaa usimnyooshee nyayo Buddha wala mtu yeyote. Kukaa sio kusali, kuna watu humo wamekaa wanapunga upepo tu wamekimbia jua.

Udi ni wake mama, mwache awashe. We mbebee maua, mshikie mkoba, na akimaliza muulize kwa nini vijiti ni vitatu, utaona anavofurahi kukueleza. Kuhusu wai, yaani kule kukutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa, hiyo mi naihesabu ni salamu kama shikamoo yako hapo juu, wanasalimiana hivo hata dukani, kwaiyo naitoa kwa wazee na kwa watawa bila wasiwasi. Ukimpa mtawa wai asiirudishe usinune, mtawa hairudishi kwa mtu asiye mtawa, ndivyo ilivyo. Kusujudu mi sijawahi, na sijawahi kuulizwa kwa nini. Mchungaji wako mi simjui, lakini ukimwambia ulikaa kimya pembeni umevua viatu sioni atakosa usingizi kwa lipi.

Doi Suthep utaipenda. Lilianzishwa mwaka 1383, na hadithi yake mwombe mama mwenyewe akusimulie, kwamba mfalme alipata masalia ya Buddha akayapakia kwenye mgongo wa tembo mweupe akamwachia aende anakotaka, tembo akapanda mlima mpaka huko juu, akalia, akazunguka mara tatu, akafia hapo, basi wakajenga. Ngazi ni zaidi ya 300, pembeni zina nyoka wakubwa wa kuchongwa kuanzia chini mpaka juu, na kuna lifti ya reli kwa asiye na magoti. Juu katikati kuna mnara wa dhahabu, wanauita chedi, watu wanauzunguka. Wanazunguka kwa kuuweka mkono wao wa kulia. Ukitaka kutembea nao tembea, usipotaka kaa, ila ukienda upande wa pili utakuwa kama bodaboda aliyeingia wanwei. Beba soksi mfukoni, mwezi huo asubuhi mlimani kuna baridi na sakafu ni mawe.

Ila mi ningekuwa wewe ningekuwa na hamu zaidi ya lile la mtaani. Thailand ina mahekalu zaidi ya 40,000, na mengi hayana dirisha la tiketi wala kibao cha Kiingereza, yana mbwa wamelala kivulini, pengine shule pembeni, na wanawake wanaosha masufuria. Huko hakuna atakayekuelekeza ila mwenyeji wako, kwaiyo kaa nusu hatua nyuma yake, akiinama mbele ya wazee nawe punguza kimo, akikaa kaa. Pengine mtapelekwa kumsalimia mtawa mmoja wanayemheshimu. Utacheka ukisikia wanavowaita, kijana ni luang phi yaani kaka mtawa, mtu mzima ni luang pho yaani baba, na mzee sana ni luang pu yaani babu. Ukoo mtupu. Na usishangae ukiambiwa kaka yake huyo dada aliwahi kuwa mtawa kwa miezi mitatu afu akarudi kazini kwake, vijana wengi wa kiume wanaingia kwa muda mfupi, hasa kipindi cha mvua ambapo watawa wanatulia hekaluni kwao, na familia inajivunia mno.

Anti, mwenyeji wangu ni mwanaume, tunafanya kazi kampuni moja ila yeye yuko Bangkok. Amepanga siku moja Grand Palace, yaani kasri la wafalme, na hekalu la Wat Pho, afu jioni tukamsalimie mjomba wake ambaye ni mtawa. Nimesikia mtawa hamgusi mwanamke, sasa zawadi nitampaje? Na mi navaa hijabu, nimesoma mahali kwamba vichwa viwe wazi. – Bint Begi Moja

Hijabu baki nayo mpenzi, wanaoambiwa wavue ni wa makofia na makapelo na miwani ya jua. Mavazi yako ya kila siku yatakupitisha mlangoni kuliko watalii wote mtakaokuwa nao kwenye foleni, mana Grand Palace ni wakali, mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, hakuna kaptula, hakuna suruali zilizochanwa, hakuna vya kubana, na mtandio wa kujitupia juu ya kifua wazi mara nyingi hauwaridhishi.

Shida yako itakuwa viatu. Mi mwaka ule nilivaa buti za kamba, nikajiona mjanja, mguu mzima umetulia, kumbe kila mlango ni kuvua na kila kutoka ni kuvaa, mlango wa kwanza nafungua kamba naongea, wa pili nimenyamaza, wa tatu nimekaa chini jasho linanitoka na mwenyeji wangu kasimama pembeni kashika mkoba wangu anaangalia angani kwa heshima. Tulipotoka akapotea dakika tano akarudi na ndala kaninunulia. Hakusema neno. Vaa kiatu cha kuchomoa.

Kuhusu mjomba mtawa, uliyosikia ni kweli na halina dharau kwako hata chembe. Watawa wa kule wanafuata kanuni 227, na kutogusana na mwanamke ni mojawapo, hata mama yake mzazi hamkumbatii. We unayekwepa kupeana mkono na wanaume ofisini nadhani umeelewa hata sijamaliza. Zawadi mkabidhi rafiki yako yeye ndo ampe, au mtawa mwenyewe atatandaza kitambaa mbele yake, uweke juu ya kitambaa kwa mikono miwili, naye akivute. Usimpe mkono kwa mkono, na usilazimishe kukaa naye mkeka mmoja kwa ajili ya picha. Kwenye usafiri vilevile, treni za juu za Bangkok zina viti ambavyo watawa ni miongoni mwa wanaotengewa. Mi nilipanda daladala yao ndogo kutoka Ayutthaya, nikaona kiti kimoja tu kiko wazi nikakirukia kwa furaha, gari zima likashika pumzi, ndo kuangalia pembeni naona vazi la rangi ya machungwa, bibi mmoja wa nyuma kanyanyuka kimya kimya tukabadilishana. Sikulala vizuri siku hiyo.

Ila mkimpeleka chakula msiende jioni. Watawa hao wakishapita adhuhuri hawali mpaka asubuhi yake, kwaiyo hilo sufuria lenu litamwangalia tu. Jioni peleka vitu vya matumizi. Utaona madukani ndoo za plastiki za njano au machungwa zimepangwa sabuni, dawa ya meno, majani ya chai, tochi na mazagazaga mengine, zimefungwa tayari kwa ajili ya watawa, na rafiki yako anajua ipi ina vitu vya maana na ipi imejazwa makaratasi chini ionekane imejaa. Mwachie achague, we lipa.

Tena kuhusu kulipa. Grand Palace mgeni analipa baht 500, Mthai haingii kwa tiketi, kwaiyo usimsubiri akulipie wala usimwache ajisikie vibaya kwamba yeye kapita bure, toa hela yako mapema na cheka. Mlango unafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, nenda mapema. Na ikitokea umefika kabla ya mwenyeji wako afu mtu mchangamfu nje akakuambia leo kumefungwa kuna ibada, twende na tuktuk nikuzungushe kwa bei ya bure, usipande hiyo bajaji, safari yake inaishia kwenye maduka ya vito na washonaji suti. Mpigie mwenyeji simu.

Humo ndani ndimo lilimo hekalu la Buddha wa Zumaridi. Watu wengi wanategemea jitu, wanakuta sanamu ya sentimita 66 tu iko juu kabisa kama mtoto aliyekaa kileleni, na wala sio zumaridi, ni jiwe la kijani. Lina nguo za msimu, za joto, za mvua na za baridi, na kwa desturi anayezibadilisha ni mfalme mwenyewe mara tatu kwa mwaka. Kupiga picha ndani ni marufuku. Afu mkivuka kwenda Wat Pho ndo utapata jitu lako, Buddha aliyelala, mita 46 toka kichwani mpaka miguuni, na nyayo zake zimepambwa kwa chaza alama 108. Nyuma yake zimepangwa bakuli za shaba 108, watu wanapita wakidondosha sarafu moja moja, na mlio wake ukumbi mzima ni kama mvua juu ya mabati. Rafiki yako anaweza kukununulia kikombe cha sarafu. Zile ni sadaka ya hekalu, sasa kama dhamiri yako inakubali au haikubali hilo nakuachia, ila likikushinda mwambie tu naomba nikae nisikilize.

Mi nimesharudi Anti, na nahisi niliharibu. Mwenyeji wangu alinipeleka Ayutthaya, kuna masanamu kibao hayana vichwa, nikaenda nyuma ya moja nikaweka kichwa changu juu ya shingo nikamwambia nipige. Alipiga, lakini sura ilibadilika, na mpaka jioni alikuwa wa ndiyo na hapana tu. Kwani ni kosa kubwa hivo? Si ni magofu? – Mpiga Selfi

Ni kubwa.

Ayutthaya ilikuwa mji mkuu wa ufalme wao kwa zaidi ya miaka mia nne, mpaka 1767 jeshi la Burma lilipoingia likaichoma. Vichwa hivyo vingine vilivunjwa, vingine baadae vimeibiwa vikauzwa nje. Kwaiyo wewe umeona magofu, yeye kaona kaburi la nyumbani na juu yake mgeni wake anatoa ulimi. Halafu kwao kichwa ni kitu cha heshima hata cha mtoto hupapasi ovyo, sembuse kichwa chako kwenye mabega ya Buddha. Nadhani mlipita pia Wat Mahathat, pale penye kichwa cha sanamu kimekumbatiwa na mizizi ya mti, ungewaangalia watu ungeona wote wanachuchumaa wakitaka kupigwa picha, kwa sababu hairuhusiwi kichwa chako kuwa juu ya kile.

Na shukuru ilikuwa ni mwenyeji tu aliyenuna. Sri Lanka mwaka 2012 watalii watatu wa Kifaransa walipewa kifungo cha nje kwa picha walizojipiga wakijifanya wanalibusu sanamu la Buddha, na waliowaripoti ni wafanyakazi wa studio walikopeleka picha zikasafishwe. Mwaka 2014, huko huko Sri Lanka, mwanamke Mwingereza alikamatwa uwanja wa ndege akarudishwa kwao kisa tatuu ya Buddha mkononi. Kule hata kulipa sanamu mgongo kwa ajili ya selfi ni kosa.

Ule ukimya wake ndo kelele zenyewe, Mthai wa malezi yake hatokufokea. Usimwandikie waraka. Futa picha, popote ulipoibandika iondoe, afu mwambie kwa mistari miwili kwamba umejua ulichofanya, umefuta, na unamwomba radhi yeye, na mama yake pia kama alimsimulia. Usiongeze "sikujua", anajua kwamba hukujua, ndo mana aliibonyeza hiyo picha badala ya kukataa. Na kama ulinunua kasanamu ka Buddha ukakaweka chooni pembeni ya kioo, ondoa leo leo kabla hajakupigia video. Tena kutoa sanamu za Buddha nje ya Thailand kunahitaji kibali cha idara yao ya sanaa, vile vidogo vya kuvaa shingoni ndo kwa kawaida havisumbuliwi.

Habari Anti. Mwezi uliopita nilikuwa kikazi Thailand, mwenyeji akanipeleka hekaluni, mtawa akanyunyizia watu maji afu akanifunga uzi mweupe mkononi. Sikuona ubaya. Sasa nimerudi na uzi ninao, na mke wangu hanisemeshi, anasema ni hirizi nimefungwa na mwanamke wa huko. Niufanyeje? – Mume wa Uzi

Kaka pole, nimecheka lakini pole.

Unaitwa sai sin. Wanausomea sala wakiwa wameuzungusha kwenye mikono ya watawa na sanamu, afu wanaukata vipande na kuwafunga watu kwa kuwatakia heri, msafiri, mgonjwa, maharusi, nyumba mpya hata gari. Na mwambie shemeji jambo moja ambalo litamtuliza haraka kuliko maelezo yako yote, kwamba aliyekufunga ni mtawa mwanaume, na kwa kawaida mtawa anamfunga mwanaume tu, mwanamke anawekewa uzi kiganjani bila kuguswa au anafungwa na mtu mwingine. Kama una picha ya siku hiyo mwoneshe mzee mwenyewe, kichwa kimenyolewa, meno mawili, vazi la machungwa.

Kuuvua unavua. Wengi huwa wanasema ukae angalau siku tatu, na wewe una mwezi. Ila usiuchane kwa mkasi mbele yake kwa hasira ukautupa kwenye pipa, desturi yao ni kuufungua fundo taratibu, na mtu aliyekupeleka pale alikutakia mema. Mpe shemeji mkono, aufungue yeye.